Wikiendi ya Matengenezo ya Nyumba na Mitumba: Mwongozo Kamili kwa Mkazi wa Dar es Salaam

Nyumba za Dar es Salaam zina uchakavu wake. Hewa ya chumvi itokayo baharini hula bawaba, misumari na makufuli, jua hukausha mipira ya mabomba hadi ikapasuka, na mvua za masika, Machi hadi Mei, pamoja na za vuli, Oktoba hadi Desemba, hutafuta kila tundu lililoachwa kwenye paa. Kwa mtu anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku siku tano za wiki, Jumamosi na Jumapili ndizo siku pekee za kuyashughulikia haya, na siku hizo hizo ndizo ambazo Karume, Tandika na Manzese hujaa wanunuzi wa mitumba. Mwongozo huu unapanga siku hizo mbili ili kazi za nyumba na safari ya sokoni zisaidiane badala ya kunyang'anyana muda.

Msimamo wangu katika jambo hili ni kwamba nyumba ndiyo inayopaswa kumtuma mtu sokoni. Anayeanzia sokoni hurudi na vitu vizuri visivyo na mahali pa kukaa, fedha zikiwa zimekwisha na koki ya jikoni ikiendelea kudondosha maji kama alivyoiacha.

Ijumaa jioni: ukaguzi na vipimo

Anza na karatasi, kalamu na futi ya kupimia. Zunguka nyumba kwa mpangilio, kuanzia nje kwenda ndani, na usirekebishe chochote wakati huo, kwa sababu anayeshika bisibisi mapema hamalizi ukaguzi. Fungua na ufunge kila mlango na kila dirisha, ukisikiliza bawaba na ukitazama kama kitasa kinaingia sawasawa kwenye tundu lake. Gusa kuta za chini, hasa zile zinazopakana na bafu. Rangi iliyovimba na unga mweupe unaotoka kidoleni ni chumvi inayopandishwa na unyevu, na ukuta wa namna hiyo haupakwi rangi mpya kabla chanzo cha unyevu hakijapatikana. Tazama dari: doa la kahawia lenye ukingo uliokolea lina maana kwamba maji yameingia zaidi ya mara moja.

Kwa kila kitu kinachohitaji kununuliwa, andika kipimo, si jina tu. Neno "pazia" halimsaidii mtu aliyesimama mbele ya lundo la vitambaa. "Pazia mbili, urefu sentimita 215 kutoka fimboni, upana wa dirisha sentimita 150" humsaidia. Wavu wa dirisha, rafu ya kuingia kati ya jiko na ukuta, kabati la kupita mlangoni, vyote vipimwe, na kwa fenicha pima pia upana wa mlango wa kuingilia na kona ya korido. Niliwahi kununua mlango wa mvule uliotumika, mzito na usio na ufa hata mmoja, kwa kukisia kwa macho tu. Ulipofika nyumbani ulipungua sentimita nne kwenye fremu, na mbao ya mvule haiungwi kwa sentimita nne bila kuharibika sura. Tangu siku hiyo siondoki nyumbani bila futi.

Kuna kipimo kimoja cha usiku kisicho na gharama yoyote. Kabla ya kulala, baada ya kila mtu kumaliza kuoga, funga koki zote, na kama tangi lina boya lililokwishafunga maji, soma namba za mita ya maji na uziandike pamoja na tarakimu za mwisho. Alfajiri, kabla hajatumia mtu yeyote, zisome tena. Zikiwa zimesogea, maji yanapotea kati ya mita na nyumba au tangi. Kwa choo, mimina rangi ya chakula kidogo kwenye tangi la kuvutia maji na usivute kwa nusu saa. Rangi ikitokea ndani ya bakuli, mpira wa chini haufungi. Tusilidharau tone: tone moja kila sekunde hukusanya lita kadhaa kwa siku, na ukiweka ndoo chini ya koki hiyo utaliona jambo hilo kwa macho yako.

Ukaguzi ukiisha, gawa karatasi yako katika mafungu mawili. La kwanza ni vitu vidogo ambavyo lazima viwe vipya: washa za koki (vipande vya mpira vinavyozuia maji yasipite), utepe mweupe wa kuzungushia nyuzi za bomba, silikoni, misumari ya bati yenye mpira, swichi, soketi na waya. Hivi huuzwa katika duka la vifaa vya ujenzi la mtaani kwako, na ni vyema uvinunue jioni hiyo hiyo ili asubuhi isipotee. La pili ni vitu vinavyoweza kuwa vya mtumba: mapazia, mashuka, fenicha, zana za mkono, sufuria nzito, milango na madirisha. Fungu hili ndilo litakalokwenda nawe sokoni.

Jumamosi, kuanzia saa 12 asubuhi: maji kwanza

Kazi zinazohitaji kusubiri hutangulia, na tangi la maji ndilo linalosubiri kuliko vyote, kwani dawa yake hukaa saa 24. Ndiyo sababu katikati ya wiki unapaswa kuyatumia maji ya tangi hadi yabaki kidogo, na kuchagua wikiendi ambayo mgao wa maji wa mtaani kwako unaangukia Jumamosi. Jaza ndoo na madumu ya maji ya kunywa, kupikia na kuoga ya kutosha siku nzima na usiku wake, uyafunike na kuyaweka mbali na eneo la kazi.

Toa maji yaliyobaki kupitia tundu la chini. Sugua kuta za ndani kwa brashi yenye mpini mrefu ukiwa nje, ukisimama kwenye kitu imara. Kuingia ndani ya tangi lenye mdomo mdogo, hasa ukiwa peke yako, ni hatari ya kukosa hewa, na mtoto asiingizwe kamwe hata kama ndiye pekee anayetosha mdomoni. Tope la chini likishatoka na suuza ya mwisho ikatoka safi, usijaze bado. Mabomba yakiwa makavu ndiyo nafasi nzuri ya kutengeneza koki.

Koki inayodondosha huwa na shida ya washa mara nyingi kuliko shida nyingine yoyote. Funga valvu kuu, ziba tundu la sinki kwa kitambaa ili skrubu isipotelee humo, kisha fungua kichwa cha koki kwa spana. Chini ya msokoto, yaani fimbo inayopanda na kushuka unapozungusha koki, utaona kipande cha mpira kilichobonyea au kuchanika. Kitoe, ulinganishe na kipya kwa kipenyo na unene, halafu urudishe kwa mpangilio ule ule. Sehemu ya chuma ambayo mpira huo unakaa ipitishwe kidole: ikiwa na mikwaruzo mirefu, washa mpya itachanika baada ya wiki chache na ni heri kubadilisha koki nzima. Palipo na maungio ya nyuzi, zungusha utepe mweupe kwa kufuata upande wa kukazia, mizunguko mitano au sita, kisha kaza kwa mkono na umalizie kwa spana bila nguvu za kupita kiasi, kwani maungio ya plastiki hupasuka kimya kimya na kuvuja baadaye.

Sasa rudi kwenye tangi. Lijaze hadi robo, weka dawa, kisha jaza mpaka juu ili ichanganyike. Ukitumia dawa ya maji ya klorini isiyo na manukato yenye nguvu ya asilimia 3.5, ambayo wengi huiita jiki, tangi la lita 1,000 huhitaji takriban lita moja na nusu. Ukitumia klorini ya chengachenga iliyo kali zaidi, gramu 80 zinatosha. Soma nguvu iliyoandikwa kwenye chupa, kwa kuwa hesabu hubadilika nguvu ikibadilika. Fungua koki moja baada ya nyingine mpaka harufu ya klorini isikike, uzifunge, na uwaambie watu wote wa nyumbani kwamba maji hayo hayanywewi, hayapikiwi na hayaogewi. Andika tangazo na ulibandike kila penye koki, kwa sababu mgeni hafiki siku ya mkutano wa familia. Na katika kazi yote ya wikiendi hii, dawa ya klorini isichanganywe na asidi ya kusafishia choo wala sabuni yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi inayochoma mapafu.

Saa 3 asubuhi: sokoni

Kwenda mapema kuna faida yake na kuchelewa kuna faida yake. Asubuhi ndipo mabelo, yaani marobota ya mitumba, yanapofunguliwa na vitu vizuri vinapochaguliwa. Jioni bei hulegea kwa sababu mwenye meza hapendi kufunga tena mzigo aliokwishauanika. Kwa kuwa una vipimo maalumu vya kutimiza, nakushauri asubuhi. Kwa nguo, mapazia, mashuka na viatu, Karume ya Ilala bado ndiyo jina la kwanza kinywani mwa watu, pamoja na hasara kubwa ya moto wa Januari 2022. Kwa zana na vifaa vya chuma, tembea Kariakoo upande wa Gerezani. Kwa fenicha, hata kama nia yako ni ya mtumba, pita Keko kwanza uone mafundi wanauzaje mpya ya namna ile ile, maana huwezi kujua kama bei ya kilichotumika ni nafuu bila kuijua bei ya kipya.

Hapo ndipo penye kanuni yangu ya fedha. Chukua bei ya kipya, uigawe kwa mbili, kisha utoe gharama ya ukarabati na ya usafiri. Kinachobaki ndicho kiwango cha juu cha kumlipa muuzaji. Tuseme kabati jipya ni shilingi 400,000. Nusu yake ni 200,000. Ukiona kwamba msasa, vanishi na bawaba vitakula 35,000 na kirikuu, gari dogo la mizigo, itachukua 25,000, basi usivuke 140,000. Kitu cha mtumba hakina dhamana, na nusu ile unayoipunguza ndiyo dhamana yako.

Fenicha hukaguliwa kutoka nyuma na chini, kamwe si kutoka mbele. Inua upande mmoja: mbao halisi ya mninga au mkongo haipindi viungo vyake, ilhali ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, wenye karatasi ya rangi ya mbao juu yake, huwa mzito lakini hulegea kwenye skrubu. Tazama ncha za chini za ubao huo. Zikiwa zimevimba, kabati hilo limekwishasimama majini na halitengenezeki. Vuta droo nje kabisa uone kama kona zake zimeumana kama meno au zimepigwa misumari tu. Unga laini chini ya vitundu vidogo mbaoni ni alama ya wadudu walio hai. Kwa viti na makochi yenye kitambaa, funua mishono na upekue pembe kwa tochi ya simu, ukitafuta vidoa vyeusi na magamba ya kunguni. Ukiviona, ondoka, hakuna punguzo linalolipa kuingiza kunguni ndani ya nyumba.

Vifaa vya umeme vinataka uangalifu wa peke yake. Umeme wetu ni volti 230, lakini shehena nyingi hutoka Japani, wanakotumia volti 100, au Marekani, wanakotumia 120. Tafuta kibao kidogo cha maelezo nyuma ya kifaa. Kikiandikwa "100–240V" kitafanya kazi popote; kikiandikwa 100 au 120 pekee, kitaungua siku ya kwanza kisipowekewa transfoma, na bei yake lazima ihesabiwe pamoja na transfoma hiyo. Omba kila kifaa kiwashwe mbele yako, na si kwa dakika moja: feni izunguke mpaka injini ipate joto, drili isikilizwe na kunuswa kama kuna harufu ya kuungua, pasi ipashwe moto mpaka ijizime yenyewe. Kwa friji, bana kipande cha karatasi mlangoni, ufunge na kukivuta. Kikitoka bila kizuizi, mpira wa mlango umechoka. Lisafirishwe likiwa wima, na likifika nyumbani liachwe lisimame saa kadhaa kabla ya kuwashwa, hasa kama njiani lililazwa.

Zana za mkono za chuma ndizo ninazozipenda kuliko vitu vyote vya mtumba, na sisiti kulisema hilo. Spana ya zamani yenye kutu ya juu juu husafishwa kwa mafuta ya taa na brashi ya waya, ikaishi kuliko mwenye nayo. Kinachotazamwa ni mdomo: ukiwa umepanuka au kona zake zimelika, utateleza kwenye nati na kukuumiza vidole. Nyundo ikaguliwe mpini na kabari yake. Randa na patasi hazipotezi thamani kwa ubutu, kwani jiwe la kunolea hutatua hilo, ila ufa katika chuma hauna tiba.

Vipo vitu ambavyo sivinunui vikiwa vimetumika hata kwa bei ya bure: magodoro, waya za umeme na swichi za kukatia umeme, mipira na regulata za mitungi ya gesi, helmeti, na viti vya gari vya watoto, kwa sababu madhara yake yamejificha ndani pasipoonekana. Nguo za ndani za mtumba zimekatazwa na Shirika la Viwango Tanzania, na katazo hilo lina sababu ya kiafya ya kutosha.

Kuhusu bei, heshima hushusha zaidi kuliko dharau. Salimia kwanza, mwenye umri mkubwa apewe shikamoo yake, na ukitaja kasoro itaje kama mtu anayekwenda kuitengeneza: "Kaka, droo ya chini imevimba na mguu huu lazima niupeleke kwa fundi. Nina laki na ishirini, nipakie sasa hivi." Kauli hiyo ina sababu, kiasi na utayari, na muuzaji anaweza kuijibu. Anayesema tu kwamba kitu ni kibovu huwa ametukana mali ya mtu, na hupewa bei ya mtu asiyetakiwa. Unaponunua vitu vitatu kwa mmoja, patana kwa jumla mwishoni. Usafiri pia uupatane kabla ya kulipa mzigo: bajaji kwa mapazia na zana, guta kwa meza na rafu za njia fupi, kirikuu kwa kabati na friji.

Jumamosi alasiri: juu na nje

Jua likishapungua, kuanzia saa 9, shughulikia paa na magata. Ngazi isimame kwenye ardhi ngumu, kwa kila mita nne za urefu mguu wake ukae mita moja kutoka ukutani, na mtu wa pili aishike. Ondoa majani na tope kwa mkono wenye glovu, kisha mwaga ndoo ya maji upande wa juu uone kama yanafika kwenye bomba la kushukia bila kutuama. Ukilazimika kukanyaga bati, kanyaga kwenye mistari ya misumari, maana chini yake ndipo palipo na mbao. Msumari uliolegea haupigwi tena kwenye tundu lile lile. Utolewe, utumie mnene zaidi wenye mpira, na kama tundu limetanuka lizibwe. Nyumba kongwe zenye mabati ya asbesto zisikwanguliwe wala kutobolewa na mwenye nyumba; vumbi lake huharibu mapafu, na kazi hiyo ni ya wenye vifaa vya kujikinga.

Kabla ya giza, paka silikoni kwenye kingo za bafu. Kwangua yote ya zamani, futa kwa spiriti, acha pakauke kabisa, kisha vuta mstari mmoja usiokatika na uulainishe kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni. Silikoni huhitaji karibu saa 24 kukomaa, na kwa kuwa mnaoga kwa ndoo kwa sababu ya tangi, ogeni upande mwingine wa uwanja au kwenye bafu la pili.

Jumapili: mtumba unaingia nyumbani

Hakuna kitu cha mtumba kinachopita moja kwa moja chumbani. Vitambaa vyote hulowekwa na kufuliwa kwa maji ya moto ya nyuzi 60 au zaidi kwa vile vinavyostahimili, kisha huanikwa juani na kupigwa pasi pande zote mbili, mishono ikikaziwa zaidi. Fenicha hubaki barazani. Ifutwe kwa kitambaa kilicholowa kidogo, ikauke, halafu ipigwe msasa kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi za mbao, kuanzia namba 120 na kumalizia 220. Kama ina rangi ya zamani ambayo hujui ina nini, lowesha uso wake kabla ya msasa ili vumbi lisipeperuke, na watoto wakae mbali. Tabaka mbili nyembamba za vanishi hushinda moja nene, na kati yake pita msasa wa mwisho kwa mkono mwepesi.

Saa 24 za tangi zikitimia, usiyamwage yote bure. Maji hayo yana klorini ya kutosha kusugulia sakafu za saruji, vyoo, mifereji na ngazi; yasitumike kwa nguo za rangi wala kumwagilia mimea. Yaliyobaki yatolewe, mabomba yasuuzwe kwa maji mapya mpaka harufu kali iishe, ndipo tangi lijazwe kwa matumizi, na mfuniko ukazwe ili mbu na mijusi wasiingie.

Jioni tundika mapazia, weka rafu mahali pake, na usome mita ya maji tena kabla ya kulala kama ulivyofanya Ijumaa. Asubuhi ya Jumatatu, namba zikiwa hazijasogea, andika tarehe na kazi zilizofanyika kwenye karatasi ile ile, uibandike ndani ya mlango wa kabati la jikoni pamoja na vipimo ambavyo havikupatiwa kitu safari hii. Karatasi hiyo ndiyo utakayoichukua mkononi mwezi ujao, ukielekea Karume.